Nyumba ya Vileo ya Eagle: Kinywaji, Wimbo na Leseni katika London ya Karne ya 19

Mwenye kutaka kuandika kwa Kiswahili habari za nyumba za starehe za Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, yaani tangu mwaka wa 1837 hata 1901, hukabiliwa na shida ya msamiati kabla hajaifikia historia yenyewe. Neno baa asili yake ni jina la Kiingereza la meza ndefu inayomtenga muuzaji na mnywaji. Kilabu asili yake ni jina la chama cha watu. Lakini nyumba zinazozungumzwa hapa hazikuwa meza tu, wala hazikuwa vyama. Hoteli nayo, kwa matumizi ya Afrika Mashariki, huweza kuwa mahali pa kulala, au mahali pa kula tu. Waingereza wa kale walitofautisha nyumba za namna tatu: ile iliyopokea wasafiri na kuwapa malazi, ile iliyouza mvinyo pamoja na chakula, na ile iliyouza bia. Kufikia karne ya 19 mipaka hiyo ilikuwa imekwisha kuchanganyika, na aghalabu nyumba moja ilifanya kazi zote tatu. Katika makala haya jina "nyumba ya vileo" latumika kwa zote, kwa kuwa halisifu wala halilaumu.

Shida hiyo ya jina si ndogo, maana ndani yake limo swali la historia. Nyumba hizo ziliuza vileo, lakini ziliuza pia nyimbo, dansi, michezo ya kuigiza na maajabu ya kila namna. Je, zilikuwa mahali pa ulevi palipotiwa muziki, au mahali pa muziki palipogharimiwa na ulevi? Watu wa zama hizo walibishana sana juu ya jambo hili, Bungeni, mahakamani na makanisani, na majibu waliyoyatoa ndiyo yaliyoamua nyumba ipi iishi na ipi ife. Mfano unaofaa sana kuchunguzwa ni nyumba iliyoitwa Eagle, yaani Tai, katika Barabara ya City, kaskazini ya kitovu cha London. Kwa muda wa miaka sitini hivi nyumba hiyo ilipitia karibu kila hali ambayo nyumba ya vileo iliweza kuipitia: ilikuwa bustani, ukumbi wa nyimbo, thieta, mahali pa ibada, na mwisho ikarudi kuwa nyumba ya vileo tu.

Barabara ya City ilifunguliwa mwaka wa 1761, wakati pande hizo zilipokuwa bado mashamba na malisho. Karibu nayo palikuwa na nyumba iliyoitwa Shepherd and Shepherdess, yaani Mchungaji na Mkewe, yenye bustani ambamo watu wa mjini walikuja siku za mapumziko kunywa chai, kula keki na kupata hewa safi. Bustani za namna hiyo zilikuwa nyingi pembezoni mwa London katika karne ya 18. Lakini mji ulikuwa ukikua upesi. Mnamo 1801 London ilikuwa na watu kiasi cha milioni 1. Miaka mia baadaye, pamoja na vitongoji vyake, ilikuwa na zaidi ya milioni 6. Mashamba yakafunikwa kwa nyumba za mafundi, makarani na vibarua, na mteja wa bustani akabadilika. Hakuwa tena mtu aliyetoka mjini kwa matembezi, bali jirani aliyemaliza kazi jioni, mwenye mshahara mdogo mfukoni na chumba kimoja chenye giza kikimngoja nyumbani.

Aliyelitambua badiliko hilo alikuwa Thomas Rouse, mtu wa kazi ya ujenzi. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1820 nyumba ya kale ilibomolewa, na mahali pake pakajengwa nyumba mpya ya Eagle, bustani ikabaki nyuma yake. Mapema kabisa Rouse na wenziwe wa biashara hiyo walielewa kwamba mtu huja kwa jambo la kutazama, kisha hukaa na kunywa. Tarehe 25 Mei 1824 mrushaji wa maputo Thomas Harris alipaa kutoka uwanja wa Eagle pamoja na mwanamke kijana, Sophia Stocks. Puto lilianguka Beddington, karibu na Croydon, kusini ya London. Harris akafa, mwenziwe akaokoka. Msiba huo wakumbukwa katika historia ya urukaji, lakini katika historia ya nyumba za vileo una maana nyingine: unaonyesha kwamba Eagle ilikuwa imekwisha kuwa mahali pa kukusanya umati wa watazamaji hata kabla haijawa na jukwaa la maana.

Jukwaa lilikuja mwaka wa 1831. Mwaka huo Mfalme William IV alitawazwa katika kanisa la Westminster Abbey, na mapambo yaliyotumika katika sherehe yakauzwa baadaye. Rouse aliyanunua akayatia katika uwanja wake, hata fundi wa kawaida akaweza kupita chini ya mapambo yaliyopitiwa na mfalme. Mwaka huohuo ulifunguliwa ukumbi ulioitwa Grecian Saloon, kwa jina la Wayunani, ambao sanaa yao ilipendwa sana na wajenzi wa siku hizo. Ndani yake mlikuwa na kinanda kikubwa cha mabomba, dhahabu ya kupakwa na vioo vingi. Bustanini zilining'inizwa taa za rangi, na palikuwa na mahali pa kuchezea dansi.

Hali ya ukumbi huo yajulikana vizuri kwa sababu Charles Dickens, alipokuwa bado mwandishi kijana wa magazeti, aliusimulia katika kisa kilichotoka mwaka wa 1835 na kutiwa baadaye katika kitabu chake cha kwanza. Katika kisa hicho seremala mmoja ampeleka mchumba wake, msichana anayeishi kwa kazi ya viatu na kofia za ukili, kuitazama Eagle, pamoja na rafiki yake msichana na mchumba wake huyo rafiki. Wanaume wameagiza ramu na maji, wanawake mvinyo wa sheri na biskuti. Wanasikiliza nyimbo na kinanda, na wasichana wanastaajabu kila kitu. Usiku unaishia kwa ugomvi, kwa kuwa wanaume wawili wenye mavazi ya fahari wamewatupia macho wasichana hao. Dickens anawacheka watu wake, lakini hawadharau. Na bila ya kukusudia ameacha ushahidi wa mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba wanawake wenye heshima zao, wafanyakazi, walikwenda Eagle bila ya haya, wakifuatana na wachumba wao. La pili ni kwamba ukumbi ule ulikuwa na meza na glasi. Wimbo ulisikilizwa kwa kinywaji, na mhudumu alipita kati ya wasikilizaji wakati mwimbaji akiimba.

Desturi hiyo ya pili ndiyo msingi wa biashara nzima. Katika nyumba nyingi za aina hii mteja alilipa kiingilio kidogo akapewa cheti, na kwa cheti hicho alipata kinywaji cha thamani ileile au karibu yake. Kwa hesabu ya mteja, wimbo ulikuwa bure. Kwa hesabu ya mwenye nyumba, bei ya wimbo ilifichwa ndani ya bei ya glasi ya pili na ya tatu. Kutokana na hayo sanaa yenyewe ilipata umbo lake. Wimbo ulipaswa kuwa mfupi, kwa kuwa kati ya wimbo na wimbo ndipo wahudumu walipouza zaidi. Maneno yalitakiwa kusikika juu ya makelele ya sahani na mazungumzo, kwa hiyo mwimbaji alitamka kwa nguvu na kwa vitendo vya mwili. Tena kiitikio kilikuwa cha lazima: wasikilizaji waliimba pamoja na mwimbaji, na aliyeimba kwa sauti kubwa alikauka koo. Mtafiti wa fasihi simulizi atatambua hapa kwamba mambo yanayodhaniwa kuwa tabia ya utungo yaweza kuwa yametokana na mpango wa malipo.

Lakini mwenye nyumba hakuwa huru kuuza sanaa yoyote aliyoitaka. Juu yake zilisimama sheria mbili za karne iliyotangulia. Sheria ya mwaka wa 1737 ilihifadhi mchezo wa kuigiza wenye maneno ya kusemwa kwa thieta chache zenye hati ya mfalme. Katika London hizo zilikuwa hasa Drury Lane na Covent Garden, na baadaye Haymarket wakati wa kiangazi. Sheria ya mwaka wa 1751 ilitaka kila nyumba ya muziki na dansi ndani ya maili 20 kutoka London iwe na leseni ya mahakimu, ambayo ilipaswa kuombwa upya kila mwaka. Kwa hiyo Rouse aliweza kupata ruhusa ya wimbo, lakini si ya mchezo. Wenye kumbi kama yake walizizunguka sheria hizo kwa kutia muziki katika kila kitu: mchezo uliopigiwa kinanda na kutiwa nyimbo kadhaa uliweza kudaiwa kuwa si mchezo. Mpaka kati ya kusema na kuimba, ambao kwa mwanaisimu ni suala la lafudhi na mapigo, kwa Rouse ulikuwa suala la faini.

Rouse hakuridhika na nyimbo za kuchekesha. Alionyesha opera, kazi ambayo kwa kawaida ilikuwa starehe ya matajiri wa upande wa magharibi wa mji. Opera ilimtia hasara, na hasara hiyo aliifidia kwa faida ya vileo. Yeye mwenyewe alikaa katika kijichumba karibu na jukwaa akiangalia adabu ya ukumbi, na watazamaji wakazoea kumpigia kelele za kumsifu kwa jina lake. Hapa swali lililotajwa mwanzoni lapata jibu lake la kwanza: katika Eagle ya Rouse, bia ya fundi ndiyo iliyomlipa mwimbaji wa opera. Waliosema kwamba vileo viliharibu sanaa walikuwa na haki katika mambo mengi, lakini hawakuwa na jawabu kwa hesabu hiyo.

Mwaka wa 1843 Bunge lilipitisha Sheria ya Thieta, nayo ikaigawa njia mara mbili. Upendeleo wa thieta za mfalme uliondolewa, na nyumba yoyote iliweza kuomba leseni ya michezo kutoka kwa Lord Chamberlain, mkuu wa nyumba ya mfalme, ambaye pia alikagua maneno ya kila mchezo mpya kabla ya kuonyeshwa. Lakini anayeichukua leseni hiyo ilimpasa kuondoa kunywa na kuvuta tumbaku mahali pa watazamaji. Asiyekubali masharti hayo aliweza kubaki na leseni ya mahakimu, akaendelea kuuza vileo mezani, ila asionyeshe mchezo. Hivyo sheria ilimtaka kila mwenye ukumbi achague kati ya hadithi na glasi.

Eagle ilichagua hadithi. Ukumbi wa Grecian ukawa thieta, na nyumba ya vileo ikabaki pembeni yake, chini ya mwenyewe mmoja. Mwaka wa 1844 aliajiriwa hapo Frederick Robson, mtu mfupi mwenye kipawa cha kuchekesha na kuliza kwa wakati mmoja, ambaye baadaye alihamia thieta ya Olympic na kuwa mmoja wa waigizaji mashuhuri wa Uingereza. Rouse alijiuzulu mwaka wa 1851, na nyumba ikachukuliwa na Benjamin Conquest, mwigizaji, ambaye mkewe alikuwa mwalimu wa baleti. Mabinti wa mitaa ile walifundishwa dansi naye, na baadhi yao wakapata riziki katika thieta kubwa. Mwaka wa 1858 thieta mpya ilifunguliwa mahali pale. Mwana wao, George Conquest, aliipatia umaarufu kwa pantomimu, yaani michezo ya Krismasi yenye majitu, wanyama wa kutengenezwa na watu wanaoruka kupitia vitundu vya siri sakafuni. Yeye mwenyewe aliruka, na mara kadhaa alivunjika.

Njia ya pili, yaani njia ya glasi, ilifuatwa na wengine, na yafaa itazamwe kwa kulinganisha. Charles Morton, aliyezaliwa Hackney mwaka wa 1819, alichukua nyumba ya Canterbury Arms huko Lambeth, kusini ya mto Thames, mwishoni mwa 1849. Tarehe 17 Mei 1852 alifungua ukumbi kando ya nyumba hiyo, na cheti cha peni sita kilimpatia mteja kiingilio na kinywaji. Watu walizidi hata ikambidi ajenge ukumbi mkubwa zaidi katika muda wa miaka michache. Morton hakuwa na ruhusa ya michezo, kwa hiyo aliajiri waimbaji mahodari, na Sam Cowell akawa nyota yake. Alitundika picha za kuchorwa. Na mwaka wa 1859 wasikilizaji wake wa Lambeth walisikia muziki wa opera ya Gounod inayoitwa Faust, kabla haujasikika penginepo katika Uingereza. Canterbury ikaigwa kila upande, na kutokana nayo likaenea jina jipya, ambalo kwa Kiswahili laweza kutafsiriwa "ukumbi wa muziki".

Katika kumbi hizo alipatikana mtu asiyekuwako katika thieta: mwenyekiti. Neno hilo, ambalo kwa Kiswahili cha leo lakumbusha mikutano na kumbukumbu zake, lilikuwa na maana yake ya asili kabisa. Mwenyekiti alikaa kitini mezani chini ya jukwaa, nyundo ya mti mkononi, akiwatangaza waimbaji, akinyamazisha wenye fujo na kuwahimiza wateja wasiache kuagiza. Kuketi mezani kwake kulikuwa heshima, na heshima hiyo ilinunuliwa kwa kumnywesha. Kwa hiyo chombo cha utaratibu na chombo cha mauzo vilikuwa mtu mmoja. Ukumbi wa muziki haukutofautiana na thieta kwa wimbo wake pekee. Ulitofautiana nayo kwa sababu katika thieta mtazamaji alikaa akatazama, na katika ukumbi wa muziki alikaa mezani akajibu.

Jina la Eagle lenyewe lilibaki katika lugha kwa njia ambayo hakuna mwenye nyumba angeweza kuipanga. Karibu na mwaka wa 1853 ilienea London dansi iliyoitwa "Pop Goes the Weasel", na baadaye maneno mbalimbali yakatungwa kwa muziki wake. Katika ubeti mmoja zimetajwa Barabara ya City na nyumba ya Eagle. Wataalamu wa Kiingereza wamelijadili jina la wimbo huo kwa muda mrefu. Kwa neno lake la kwanza wengi huelekeza kwenye lugha ya mitaani ya London, ambamo lilitumika kwa maana ya kuweka rehani. Neno la pili, ambalo kwa kawaida ni jina la mnyama mdogo wa jamii ya cheche, limefasiriwa na wengine kuwa chombo cha kazi cha fundi, na wengine kuwa koti; hakuna fasiri iliyokubaliwa na wote. Hata hivyo mkusanyiko wa barabara, nyumba ya vileo na fedha zinazokwisha waeleweka kwa kila mtu. Wimbo unaoimbwa leo na watoto kama mchezo umehifadhi sauti ya mtu mzima anayecheka umaskini wake mwenyewe.

George Conquest aliiuza Eagle na thieta yake mwaka wa 1879. Miaka mitatu baadaye akatokea mnunuzi ambaye hakutazamiwa. William Booth alikuwa ameanza mahubiri yake mashariki ya London mwaka wa 1865, na tangu 1878 kundi lake liliitwa Jeshi la Wokovu, lile ambalo lilifika Kenya mwaka wa 1921 na Tanganyika mwaka wa 1933. Mnamo 1882 Jeshi lilichanga fedha likanunua haki ya kuitumia Eagle pamoja na thieta na bustani, kwa nia ya kuiponya mitaa ile kwa kuiondolea chemchemi ya ulevi. Madhumuni yake hayakuwa ya bure. Booth na watu wake waliishi kati ya maskini, wakaona kwa macho mishahara ikiishia mezani na watoto wakilala na njaa. Kwao jina baa lingefaa kwa maana zote mbili lilizo nazo katika Kiswahili.

Lakini mambo mawili yaonyesha jinsi lilivyokuwa jambo gumu kumtenga mnywaji na mwimbaji. Kwanza, Jeshi la Wokovu lenyewe lilikuwa mwanafunzi wa kumbi za muziki. Lilijua nguvu ya kiitikio, ngoma na bendi. Lilichukua muziki wa nyimbo za starehe zilizopendwa na kuutia maneno ya dini, kwa hoja kwamba Shetani hana haki ya kumiliki muziki mzuri wote. Watu walioingia Eagle kusali wangeweza kuzitambua sauti walizokwisha kuziimba hapohapo wakiwa na glasi mkononi. Pili, haki aliyoinunua Booth ilikuwa na sharti. Mkataba wa pango uliamuru kwamba Eagle iendelee kuwa nyumba ya vileo yenye leseni. Shauri likapelekwa mahakamani, na ikaamuliwa kwamba sharti hilo lazima lifuatwe. Jenerali wa vita dhidi ya ulevi alijikuta amefungwa na sheria kulinda leseni ya kuuza pombe. Jeshi likashindwa kuishika nyumba hiyo.

Ndiyo maana mnamo Mei 1885 Eagle ilikuwa tena mahali pa wimbo. Mwezi huo msichana wa miaka 15, mzaliwa wa mtaa wa Hoxton ulio jirani, alipanda jukwaani hapo kwa mara ya kwanza kama mwimbaji wa kulipwa. Baba yake alitengeneza maua ya bandia, na nyakati nyingine alifanya kazi ya mhudumu katika Eagle hiyohiyo. Baadaye msichana huyo alijulikana kwa jina la Marie Lloyd, na hata alipokufa mwaka wa 1922 hapakuwa na mwimbaji wa kumbi aliyependwa na watu wa London kuliko yeye. Alijua kulitia neno lisilo na hatia maana ya pili kwa kukonyeza jicho tu, na maana hiyo ilikamilishwa na wasikilizaji wenyewe. Ufundi huo hakuusoma shuleni. Ulizaliwa katika ukumbi ambamo msikilizaji alikuwa karibu kiasi cha kujibu.

Wakati huo, hata hivyo, kumbi za zamani zilikuwa zikiondoka. Moto uliziteketeza nyingi, maana zilikuwa na mbao, mapazia na taa za gesi. Kwa hiyo sheria ya mwaka wa 1878 ilizilazimisha kumbi za London kuwa na cheti cha usalama wa jengo. Nyumba ndogo zilizounganishwa na baa hazikuweza kulipia milango mipya na kuta za kuzuia moto, zikafungwa. Zilizobaki na zilizojengwa upya ziling'oa meza zikaweka viti vilivyofungwa sakafuni, safu kwa safu, vikitazama mbele. Tangu 1889 leseni zilishikwa na Baraza la Mkoa wa London, ambalo baadhi ya wajumbe wake walikuwa wapinzani wakali wa ulevi. Mteja sasa alinunua tikiti, akakaa, akatazama. Mwenyekiti aliondoka pamoja na meza yake. Bei ya wimbo ilitoka ndani ya glasi ikaandikwa juu ya karatasi, na kampuni zilizomiliki kumbi nyingi kwa pamoja zikachukua nafasi ya akina Rouse na Morton.

Katika badiliko hilo palikuwa na faida zisizokanika. Hatari ya moto ilipungua, familia zilikuja kwa wingi zaidi, na wasanii wakubwa walipata ujira ambao Robson hangeuota. Hasara yake yaonekana katika tukio moja. Tarehe 1 Julai 1912 Mfalme George V alihudhuria onyesho la wasanii wa kumbi katika Palace Theatre, na kwa tendo hilo sanaa iliyozaliwa katika nyumba za vileo ilikubaliwa rasmi kuwa ya heshima. Marie Lloyd, binti wa mhudumu wa Eagle, hakualikwa. Heshima ilikuwa imepatikana, na sharti lake lilikuwa kumwacha nje yule aliyekuwa na sauti ya ukumbi wa kale.

Thieta ya Grecian ilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19, na nyumba ya vileo ikajengwa upya mahali pake. Yenye jina la Eagle hata leo, bila ya bustani wala jukwaa la zamani. Mwenye kutaka kuona kwa macho ukumbi ulivyokuwa hana budi kwenda mashariki zaidi, karibu na bandari, ambako ukumbi wa Wilton's umesalimika. Nao ulizaliwa nyuma ya nyumba ya vileo, iliyoitwa na watu Mahogany Bar kwa sababu ya meza yake ya mti wa mahogani, jina la chombo likiwa jina la nyumba, kama baa ya Kiswahili. John Wilton aliufungua mwaka wa 1859. Uliungua mwaka wa 1877, ukajengwa upya, na kutoka 1888 hata 1956 ulikuwa misheni ya Wamethodisti. Wakati wa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa bandari mwaka wa 1889, wagomaji walipewa chakula humo. Katika miaka ya 1960 ulikuwa karibu kubomolewa, lakini wapenzi wa majengo ya kale, akiwamo mshairi John Betjeman, waliutetea, na sasa michezo na muziki husikika tena ndani yake. Kilichokuwa kikwazo kwa Jenerali Booth hakikuwapo kwa Wamethodisti. Kanisa ndilo lililohifadhi kuta zilizojengwa kwa faida ya bia.

Kwa hiyo swali kama nyumba ya vileo ilikuwa mahali pa ulevi au mahali pa sanaa haliwezi kujibiwa kwa kutazama tabia za watu peke yake. Yatakiwa kutazamwa nani alilipa, alilipia nini, na leseni iliruhusu nini. Kila mara jambo mojawapo kati ya hayo lilipobadilika, wimbo wenyewe ulibadilika: urefu wake, namna ya kuuimba, nafasi ya kiitikio, hata mahali pa mzaha katika neno. Mtafsiri atakayekutana na nyumba hizi katika vitabu vya Dickens na wenziwe huenda atachagua baa, kilabu au hoteli, kila moja kwa sababu yake. Lakini akumbuke kwamba katika Eagle mhudumu alipita na sinia wakati opera ikiimbwa, na kwamba binti wa mhudumu mmoja alikuwa akisikiliza.